Mwalimu wa Fasihi na Karatasi za Korosho

Mwalimu wa fasihi hakununua korosho kabla ya kutazama zimefungwa kwa karatasi gani. Wateja wengine pale stendi ya Newala waliuliza kama ni za leo, kama zimeungua, kama nimewapunja. Yeye aliinama juu ya sinia langu, mikono nyuma, akawa anapindisha shingo kufuata maandishi yaliyozunguka vile vipakiti. Akiona maneno anayoyataka alichukua kipakiti hicho, hata kama kilikuwa na korosho chache kuliko vingine. Majirani zake waliniambia kwamba akifika nyumbani alizimimina korosho kisahanini, akainyoosha karatasi juu ya paja kwa kiganja, akaisoma mbele na nyuma. Korosho zilisubiri.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Leo umetufungia nini?"

"Kilimo cha pamba. Na hesabu za darasa la sita."

"Pamba nani anaitaka huku? Nipe hesabu."

Watu wa stendi walimcheka. Mama Zuhura, aliyekuwa akiuza makopa ya muhogo na dagaa jirani yangu, alisema mtu yule akifa atazikwa na sanda ya magazeti. Lakini alisema kwa sauti ya chini, kwa sababu binti yake Zuhura alikuwa darasani kwake, kidato cha sita, na Mama Zuhura hakuwa na kitu kingine chochote cha kujivunia duniani. Mbao zake za kuuzia zilikuwa za kuazima.

Miaka ile serikali ilikuwa imeachia biashara. Korosho zilizokuwa zikipelekwa chama cha ushirika sasa zilikuwa na wanunuzi binafsi, kila mmoja na mizani yake. Maduka yalijaa sabuni za kila rangi, na ndoo za plastiki zikaingia hata vijiji visivyokuwa na maji ya kutia ndani yake. Vitabu tu ndivyo vilivyopungua. Zamani vililetwa shuleni kwa magari, vibaya au vizuri, lakini vililetwa. Sasa navyo viliachwa vijitafutie mnunuzi kama ndoo. Wakati huohuo mwenye duka mmoja Masasi alipata shehena ya vitabu vya zamani vilivyonyeshewa, akawa anatuuzia kwa kilo sisi wauza karanga, korosho na vitumbua. Mimi nilikuwa nashuka Masasi na gunia tupu, napanda nalo limejaa.

Shule niliiacha darasa la tano, kule Mnyambe. Hakuna aliyenifukuza. Nilitoka siku moja kulitazama lori lililokwama barabarani, lilipokwamuka nikapanda. Nimebeba magunia Masasi, nimezungusha jiwe la kunolea kwenye karakana ya Ndanda, nimechimba mashimo ya vyoo ambayo sikumbuki tena yako wapi. Kitu kimoja tu sikukiacha, nacho ni kusoma. Karatasi iliyopita mkononi mwangu sikuichana kabla ya kuisoma. Nilisoma nikibangua korosho, vidole vyeusi kwa mafuta ya maganda, kitabu kimelazwa chini na kugandamizwa na jiwe. Nilisoma bila mpango, kurasa arobaini za kitu hiki, tatu za kile, hadithi zisizo na mwanzo. Kichwa changu kilikuwa kama lile gunia.

Mwalimu aligundua hilo mapema. Siku moja alinikuta nimesimama na mteja ananingoja, namalizia ukurasa, akaniita njomba, mjomba kwa lafudhi ya kwetu kusini.

"Uliishia darasa la ngapi, njomba?"

"La tano, Mwalimu."

"Kwa nini?"

"Niliona inatosha."

"Inamtosha nani?"

Nikamhudumia yule mteja. Akaniambia darasa lake, la mwisho kwenye jengo la shule, lina madirisha yasiyo na vioo, na kwamba mtu aliyeketi nje chini ya upenu halipi ada. Akaongeza, "Ila ukitafuna nitakufukuza."

Ndipo nikawa na desturi ya kupita pale mchana, biashara ikilala. Wanafunzi walikuwa kumi na mmoja, wa kwanza kabisa wa kidato cha sita pale shuleni. Wazazi ndio waliokuwa wamekwenda ofisi hadi ofisi kudai darasa hilo lifunguliwe, wakaambiwa lifunguliwe kwa majaribio. Matokeo yakiwa mabaya litafungwa. Kila mtu Newala alilijua sharti hilo. Mwalimu alilijua kuliko wote.

Alikuwa na njia yake ya kufundisha hadithi fupi. Alianza na mwisho. Kabla wanafunzi hawajasikia hata jina la mhusika, aliwasomea aya ya mwisho, akafunga kitabu, akauliza, "Mtu huyu amefikaje hapa?" Wakabuni. Akaandika makisio yao ubaoni, kisha akawarudisha mwanzo wakayapime. Aliwaambia mwanzo wa hadithi unaweza kuandikwa na mtu yeyote. "Hata wewe, Hamisi, unayesinzia. Mwisho ndio unaonionyesha kama mwandishi alikuwa na akili au alikuwa amechoka." Kalamu yake ya kusahihishia ilikuwa ya kijani. Mtu akiandika "mwandishi anatufundisha", aliyazungushia duara maneno hayo na kuandika pembeni: *Anayefundisha ni mimi, yeye anaonyesha.*

Alikuwa mtu wa kujipinga mwenyewe. Alichukia kukariri, na hakuna mtu aliyewakaririsha watu kama yeye. Nilimsikia akisema, "Hadithi si bamia. Ukishaikatakata huwezi kuniambia ilivyokuwa shambani." Akatazama dirishani, akageuka. "Haya, tuikate. Mtihani unataka bamia." Wakaanza kuimba pamoja: dhamira, ujumbe, migogoro, falsafa, msimamo, wahusika, mandhari, muundo, mtindo. Waliimba mpaka mbuzi wa jirani wakazoea.

Kwenye kikao cha walimu alisimama kulaani tuisheni. Alisema mwalimu anayeuza jioni kile alichokificha asubuhi ni mwizi. Jambo hilo lilivuma mpaka sokoni. Lakini wanafunzi wake walikwenda kwake kila alasiri, na kila mmoja alifika na dumu la maji kichwani. Alisema hayo si malipo, ni adabu. Sisi tulioishi Newala tulijua dumu la maji lina thamani gani wakati wa kiangazi, na tulijua kisima kiko umbali gani chini ya mlima. Maji yale aliyapima kwa kikombe. Alinawa chaki kwenye beseni, maji meupe ya chaki akayamwagia mpapai wake, na mpapai ule haukuzaa kamwe.

Hakujua kusifu. Zuhura alikuwa anajibu vizuri kuliko wote, hata mimi wa upenuni nililiona hilo, lakini neno kubwa alilopewa kwa kawaida lilikuwa "afadhali". Siku aliyopewa "afadhali sana" alikuja sokoni akamwambia mama yake, na Mama Zuhura akanipa dagaa bure.

Msimu wa mabibo, matunda ya mkorosho, mwalimu alikunywa kidogo uraka, pombe inayokamuliwa humo, naye akilewa aliwasema watu wa hadithini kama majirani. Alimlaumu mhusika fulani kwa kumwoa dada wa rafiki yake. Wanywaji wenzake walidhani ni mtu wa kijiji cha Kitangari, wakamlaumu pia.

Sasa niseme juu ya kitabu.

Katika vitabu vya mtihani wa mwaka ule kulikuwa na mkusanyiko wa hadithi fupi ambao shule haikuwa nao. Mwalimu aliandika barua kuuomba, aliuulizia Masasi, aliuulizia kwa mapadri wa Ndanda. Haukuchapwa tena. Akaja kwangu. Alinitajia jina la kitabu, akanieleza jalada lake lilivyo, rangi ya matope, na picha ya mlango.

"Ukikipata, njomba, usichane. Hata kama kimebaki nusu. Niletee."

"Nitakuletea, Mwalimu."

"Sema naahidi."

"Naahidi."

Nilikipata baada ya wiki kadhaa, chini kabisa ya gunia, bila jalada, ndiyo maana sikukitambua mara moja. Nilikisoma nikibangua. Hadithi ya mwisho ilinishika. Mama mmoja anatembea siku mbili kwenda ofisi ya wilaya kuulizia barua ya mwanawe aliyekwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge. Karani anamwambia aketi. Anaketi. Watu wanakuja, wanahudumiwa, wanaondoka. Anafungua furushi lake, anakula muhogo, anafunga. Hakuna kingine kinachotokea, na bado sikuweza kuiweka chini. Nilipofika mwisho ndipo nilipoona jina la kitabu likiwa limeandikwa juu ya kila ukurasa, herufi ndogo, nikajua ndicho chenyewe. Nikakiweka pembeni.

Asubuhi iliyofuata basi la Masasi liliingia mapema, limejaa, abiria wamenyoosha mikono madirishani. Karatasi zangu zilikwisha. Kitabu kilikuwa pale, kimekaa na mgongo uliovunjika, kurasa za mwisho zimeshalegea zenyewe. Nilichukua karatasi mbili tu, moja ya mwisho wa hadithi, moja ya matangazo ya mchapaji. Nikazikata vipande, nikapata vipakiti sita, nikaviuza vyote kupitia dirishani. Niseme ukweli, sikusahau ahadi. Niliikumbuka nikiwa nachana. Nilisema moyoni kwamba ni mbili tu.

Basi lilikuwa bado limesimama, linaunguruma, kondakta anabishana na mtu mwenye kuku, mwalimu alipotokea. Alikiona kitabu kabla hajaniona mimi. Alikiokota kwa mikono miwili. Nilikuwa sijawahi kumwona akitabasamu. Alikuwa na pengo upande wa kushoto. Kisha, kama kawaida yake, akafungua mwisho.

"Kurasa za mwisho ziko wapi?"

"Kilikuja hivyohivyo, Mwalimu."

Akanitazama. Hatua kumi kutoka pale, kwenye dirisha la tatu, mzee mwenye kofia ya kiua alikuwa anakula korosho, kipakiti mkononi. Ningenyoosha kidole. Ningekimbia nikamwomba yule mzee karatasi yake, nikaomba na kwa wenzake, wangenicheka na kunipa. Basi likaingia gia, likaondoka.

"Karatasi chache tu zimekosekana," mwalimu akasema. "Si haba. Nilikisoma chuoni. Nitakumbuka."

Alipokwenda, Mama Zuhura akanigeukia. "Mbona umemdanganya mtu mzima? Si ulichana wewe sasa hivi?"

"Angenifokea."

"Angekufokea, halafu?"

Mama Zuhura hakujua kusoma, na kwake karatasi ilikuwa karatasi. Alirudi kupanga makopa yake.

Wiki ile mwalimu alinakili kitabu kizima kwa mkono, usiku na mchana, ili wanafunzi wapokezane. Siku ya hadithi ya mwisho nilikuwa chini ya upenu. Kwa mara ya kwanza hakuanza na mwisho. Aliisoma kutoka mwanzo, kwa sauti yake kavu, mpaka pale karatasi zilipokatika. Mstari wa mwisho ulikuwa huu: *Jua lilipoanza kushuka, karani akavuta droo.*

Akaweka kitabu mezani. Alisimama kwa muda mrefu mpaka mtu akakohoa.

"Kilichobaki nawaambia kwa kumbukumbu," akasema. "Karani anatoa barua. Anamsomea yule mama. Mwanawe ni mzima, yuko njiani anakuja. Andikeni."

Wakaandika. Mimi nje nilijua kilichokuwa kwenye droo. Karani alitoa kufuli. Alitoa kufuli, akafunga ofisi, akamwambia yule mama aje kesho, na yule mama akahamishia furushi lake upande wa pili wa ngazi. Basi. Hivyo ndivyo nilivyosoma.

Zuhura akanyoosha mkono. "Mwalimu, kama barua ilikuwa ndani ya droo tangu asubuhi, kwa nini karani amkalishe siku nzima?"

Mwalimu akaipangusa chaki vidoleni, kidole kimoja baada ya kingine.

"Swali zuri," akasema, na darasa zima likageuka kumtazama Zuhura, maana neno hilo lilikuwa halijawahi kusikika. "Huo ndio urasimu." Akaandika *urasimu* ubaoni, akapiga mstari chini yake. Wakaandika na hilo.

Nilikuwa na pumzi ya kusema. Dirisha lilikuwa juu ya kichwa changu tu. Lakini kusema maana yake ilikuwa kueleza nilijuaje. Na tena nani angeniamini? Mimi wa darasa la tano nimsahihishe mwalimu wa kidato cha sita mbele ya watoto wa watu? Nikaanza kujishuku. Nilikuwa nimesoma karatasi nyingi mno. Huenda kufuli lilitoka kwenye hadithi nyingine, au kwenye kitabu cha useremala. Na mwisho wa mwalimu ulikuwa mzuri kuliko wangu. Yule mama alistahili barua. Nikanyanyuka, nikarudi stendi.

Wiki moja kabla ya mtihani Zuhura alikuja kukaa kwenye mbao za mama yake, mama alipokwenda msibani. Alikuwa na daftari magotini.

"Anko," akaniambia, "wewe si unasoma kila karatasi unayofungia?"

"Baadhi."

"Ile hadithi ya yule mama wa ofisini, mwisho wake hukuuona?"

"Kitabu kilikuja hivyohivyo."

"Nauliza tu. Maana nikiisoma tangu mwanzo, naona kama haielekei kwenye barua. Karani kwenye ukurasa wa pili ametajwa anachezea ufunguo. Ufunguo wa nini?"

Nilimpimia mtu korosho ambazo hakuagiza.

"Mwalimu amesema ni barua," nikasema.

"Ndiyo. Mwalimu amesema." Akalifunga daftari.

Swali la hadithi ile lilitoka mtihanini. Nililisikia jioni ileile, wanafunzi walilibeba mitaani kama wimbo: mwisho wa hadithi hiyo unaonyesha nini kuhusu matumaini ya mhusika mkuu? Walikuja sokoni wanacheka. Wote kumi na mmoja walilijibu. Wote waliandika barua, mwana mzima, safari ya kurudi, na urasimu. Hamisi alininunulia soda, akasema kwa mara ya kwanza maishani ameandika mpaka karatasi zikamwishia. Mwalimu alisimama mbali kidogo, mikono nyuma, anawatazama. Nadhani ilikuwa siku yake nzuri kuliko zote nilizomjua, ukiacha asubuhi ile alipotabasamu.

Matokeo yalipokuja, somo la fasihi liliwaangusha karibu wote. Taarifa iliyofika shuleni ilisema watahiniwa wa kituo kile wameeleza kwa pamoja, na kwa maneno yaleyale, tukio ambalo halimo kitabuni. Wengine walisema watoto wameibia. Wengine walisema mwalimu alikuwa amelewa uraka. Zuhura alikosa nafasi ya kwenda mbele kwa somo hilo moja. Darasa la majaribio likafungwa mwaka huohuo, na wazazi waliozunguka maofisini wakarudi mashambani kupalilia. Mwalimu alihamishiwa shule ya msingi upande wa Masasi, akapewa darasa la tatu. Mara chache nilizomwona baadaye alisema watoto wa darasa la tatu ni wazuri, hawaulizi.

Hakuacha kuja kwenye sinia langu. Kila alipopanda Newala kufuatilia mambo yake ya utumishi alipita. Lakini sasa hakuchagua. Aligeuza kila kipakiti, kimoja kimoja, na mimi nilijua anatafuta nini. Alitaka kujua kama aliwadanganya watoto. Mara moja alisema hivyo, bila kuniangalia: "Inawezekana walikosea wao wasahihishaji. Kuna matoleo mawili ya kitabu, pengine. Ningeiona hiyo karatasi ningelala." Nikamshikia kipakiti kingine akitazame. Nilifanya hivyo kwa miaka. Mama Zuhura alikaa palepale akituona, na sijui kama aliwahi kuunganisha asubuhi ile na yaliyompata mwanawe. Hakunilaumu kamwe. Aliacha tu kunipa dagaa, lakini miaka ile dagaa walipanda bei kwa kila mtu.

Zuhura alichukua nafasi ya mama yake kwenye zile mbao. Alikuwa mwepesi wa hesabu na mkali kwa wateja. Sikumwona tena na daftari. Mara moja mtoto wa sekondari alimwomba amsaidie uchambuzi wa hadithi, akamwambia, "Mimi nauza dagaa."

Mimi nikaondoka. Sikuweza kukaa jirani naye. Nilikwenda Tunduru kuchimba mawe ya vito, nikaenda Lindi kwenye chumvi, nikarudi. Kila mahali nilisoma nilichokipata, na kila mahali nilikitafuta kile kitabu. Nilikipata hatimaye kwa mtu auzaye vitabu chini, kizima, na jalada lake la matope na mlango. Nilisimama juani nikafungua mwisho. Lilikuwa kufuli.

Nilimkuta mwalimu Ndanda, hospitalini, kwenye baraza la wagonjwa wa macho. Nilikuwa nimepeleka mbao. Nilimtambua kwa mikono, aliketi ameipeleka nyuma, kati ya mgongo na ukuta, jambo ambalo kwa mtu aliyeketi ni shida. Alikuwa amekonda. Macho yote mawili yalikuwa yameingia ukungu, na alikuwa ameshaambiwa kwamba amechelewa kufika.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba." Akageuza uso kufuata sauti. "Njomba wa korosho."

Niliketi karibu naye. Tuliulizana habari za watu. Alikuwa amesikia kifo cha Mama Zuhura. Aliniuliza Zuhura anafanya nini, nikamwambia yuko sokoni, akaitikia kwa kichwa kwa muda mrefu kuliko kawaida.

Kitabu kilikuwa kwenye mfuko wangu, sikukiacha nyuma tangu nilipokipata. Nilikitoa, nikakiweka magotini mwake. Akakipapasa. Akaujua ule mgongo mwembamba, nadhani, au ukubwa wake. Mikono yake ilisimama.

"Kizima?"

"Kizima, Mwalimu. Lakini kwanza nina la kusema." Nikalisema. Ahadi, basi la Masasi, karatasi mbili, vipakiti sita, yule mzee wa kofia dirishani. Upenu. Zuhura na swali lake la ufunguo. Nililisema kwa maneno machache kuliko haya, kwa sababu nilikuwa nimelipunguza kwa miaka mingi. Muuguzi alipita na sinia la vyuma, mwalimu akasubiri apite.

"Uliisoma kabla ya kuchana?"

"Niliisoma."

"Kwa hiyo siku ile upenuni ulijua."

"Nilijua. Halafu nikajishuku."

"Karani alitoa nini?"

"Kufuli."

Akafumba yale macho ambayo hayakuwa na haja ya kufumbwa.

"Kufuli," akasema. "Nilikuwa nalo kichwani, njomba. Nilisimama pale mbele ya watoto, nina barua mkono huu na kufuli mkono huu. Nikajiuliza, hili kufuli nimelitoa wapi? Nikasema ni la stoo ya shule, nimelifungua asubuhi, ndilo limeniingia. Nikachagua barua." Alikuwa anasema taratibu, kama anayesahihisha. "Yule binti aliponiuliza, nilijua nimechagua vibaya. Sikuwa na mtu wa kuniambia. Neno moja tu lingetosha. Ungelisema hapo dirishani, hata kwa kunong'ona."

"Nisamehe, Mwalimu."

Alikipapasa kitabu tena. Alionekana kama mtu aliyeulizwa kitu kisichokuwamo kwenye somo.

"Nisomee," akasema.

Nikamsomea aya ya mwisho, kwa namna yake, kabla ya kitu kingine. Karani akavuta droo, akatoa kufuli. Njoo kesho, mama. Yule mama akahamishia furushi lake upande wa pili wa ngazi, akaketi.

"Upande wa pili," akasema. "Kwa nini upande wa pili?"

"Sijui, Mwalimu."

"Jua la jioni limehamia aliko. Anatafuta kivuli. Anayetafuta kivuli ameamua kukaa." Akaipangusa mikono yake, kidole kimoja baada ya kingine, ingawa haikuwa na chaki. "Zuhura angeliona hilo. Hata nusu dakika lisingemchukua."

Tuliketi. Jina lake likaitwa kutoka ndani, likaitwa mara ya pili, na mtu aliyekuja kumshika mkono akawa anakaribia. Mwalimu akakirudisha kitabu magotini mwangu. Sikujua nikifanyie nini, na sijui mpaka leo.

"Una korosho?" akaniuliza.

Nilikuwa nazo za njiani, nilizinunua Masasi. Nikampa. Siku hizi wanazifunga kwenye kifuko cha nailoni, wanakichoma mdomo kwa mshumaa. Akakipokea, akakigeuza, akakipapasa upande huu na upande huu kwa ncha za vidole, akitafuta karatasi.